Mwili Umekariri

Sitini.
Daftari langu la jalada jekundu
limeandikwa sitini tangu mvua za mwisho za Machi
hadi upepo huu wa Julai
unaolisukuma vumbi la Nkuhungu mpaka ndani ya soksi.
Sitini, mara nane, seti tatu. Jumatatu.
Sitini, mara nane, seti tatu. Jumatano.
Ijumaa nimeandika "kama juzi"
kwa kuchoka kuandika.

Jimu yetu haina kioo.
Ina mhimili wa toroli la reli uliostaafu kabla yangu,
makopo ya rangi yaliyojazwa zege,
na benchi alilogongelea Ndahani mwenyewe
kwa mninga na misumari ya inchi nne.
Ndahani hana filimbi. Ana jicho.
Wiki kumi na sita amenitazama
kama atazamavyo mtu chungu
ambacho moto wake ulishazimika
na mpishi bado anakoroga.

"Chilewa," akasema, "mwili wako umekariri."

Nikacheka. Mimi, mbeba saruji wa Majengo,
bega la kulia gumu kama kwato,
nimekariri? Kama mtoto wa darasa la tatu
anayeimba saba mara saba,
ukimuuliza saba mara nane anatazama dari?

"Ndiyo. Swali ni lile lile kila siku.
Jibu unao tayari. Kwa nini ujisumbue?"

Akaniondolea kilo ishirini.
Aibu, jamani! Arobaini,
mbele ya vijana wa chuo wanaoshuka jioni kutoka Chimwaga,
ambao kwao kupiga msuli ni kukesha na vitabu.
Arobaini, lakini shuka nayo polepole,
hesabu hadi tano, usiibe hata moja.
Ikifika chini, ngoja. Chuma kikae kifuani
kama mgeni asiye na nauli ya kurudi.
Ndipo usukume.

Kesho yake nilishindwa kuvaa shati.

Wiki iliyofuata, mengine:
mguu mmoja juu ya jiwe, mwingine hewani,
kopo la zege mkono wa kushoto,
mkono ambao kazi yake ilikuwa kushika simu.
Kisha uzito mkubwa, mara tatu tu,
na kupumzika kirefu hadi jasho ligeuke chumvi.
Wiki ya nne akanifukuza.
"Nenda Mpunguzi, kamwone shemeji yako."

Shemeji nilimkuta shambani na mkasi,
anakata matawi ya mizabibu, mengine mabichi kabisa.
Niliumia kuyaona yanavyoanguka.
"Usipokata," alisema bila kugeuka,
"utavuna majani mazuri sana."
Tulikula ugali wa uwele kwa mlenda.
Nikalala kama gogo, na Mgogo ndiye mimi.

Niliporudi sikuambiwa uzito.
Nilimsikia tu Ndahani akipachika vitu kichwani pangu,
huku na huku, akiguna.
Nikashuka. Nikangoja. Nikasukuma.
Kikasita katikati, pale pale kilipozoea kufia,
kisha kikapanda, kwa shida, kimeinama upande mmoja
kama punda aliyebadilishiwa njia.

Sitini na mbili na nusu.
Ile nusu ilikuwa nondo mbili fupi
zilizofungwa kwa mpira wa baiskeli.

Nikakimbilia daftari. Akaiwahi kalamu.
"Usiipende sana hiyo.
Jumatatu tunabadilisha."

Jumamosi lori la saruji likarudi nyuma hadi mlangoni.
Nikainama kama siku zote,
na bega la kulia likatangulia lenyewe
kama mbwa aliyesikia sahani.
Nikaliambia: tulia.
Mfuko nikautupia kushoto,
nikayumba hatua mbili, vumbi la kijivu
likaingia sikio ambalo halikuwahi kulionja.

Sechelela wa kibanda cha chai akashika kiuno:
"We Chilewa, unaumwa?"

Hapana, dada.
Napiga msuli.